ERA 2.70: iko pointi ya kupita ao ya kuanguka?

Papa mumoja wa hapa Mavivi, mchimbaji wa dhahabu, alitufikia na simu mu mkono. Mtoto wake wa kiume anasoma Uganda, na kule shuleni wanachezaka besiboli, ule mchezo wa Wamarekani wa kurusha mpira na kuupiga kwa fimbo. Mtoto ni mrushaji. Alimtumia papa yake picha ya karatasi iliyojaa herufi na namba. Namba moja ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu: ERA 2.70. Nyuma ya picha ukaja ujumbe wa mtu mwingine, anayejiita mtafutaji wa vipaji. Ati kwa hesabu kama hii mtoto anaweza kufika Amerika, paka walipe kwanza dola 300 za majaribio.

"Ndugu zangu," papa akatuuliza, "mu bultini ya kwetu, 2.70 juu ya 10 ni kuanguka. Sasa hii iko ya kupita ao ya kuanguka? Juu niko na gramu kidogo ndani ya nyumba, na mama ya mtoto anasema tuuze."

Siku ile hatukumjibu. Tulimuomba atuachie picha, tukaenda kukaa na kalamu na karatasi. Tumeona ni vizuri kuandika hapa hesabu yote, hatua kwa hatua, kwa sababu yeye si wa mwisho atakayeletewa namba yenye kuzungushiwa nyekundu.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Timu mbili, kila moja watu tisa uwanjani. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo, mita 18.44 kutoka kwa mpigaji. Mpira una uzito wa karibu gramu 145. Warushaji wenye nguvu sana wanaufikisha kilometa 160 kwa saa, na hapo mpigaji anabakiwa na muda usiofika nusu ya sekunde ili aamue kama anapiga ao anaacha.

Mpigaji akipiga vizuri, anakimbia. Kuna vituo vinne. Akivizunguka vyote na kurudi pale alipoanzia, timu yake inapata pointi moja. Akikosa mara tatu mipira iliyopita mahali pazuri, anatolewa. Mrushaji naye akirusha mara nne nje ya mahali panapotakiwa, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure, kama zawadi.

Timu inapiga mpaka watu wake watatu watolewe. Hapo zamu imeisha, wanabadilishana. Mchezo wa wakubwa una zamu tisa kwa kila timu. Tatu mara tisa ni 27. Mrushaji anayemaliza mchezo mzima, kwa kawaida yeye na wenzake wanatoa watu 27. Muiweke ile 27 mu kichwa, tutaihitaji.

Kwa nini wanagawa

Wachimbaji wataelewa hapa mbio kuliko watu wa biro. Tuseme shimo la kwanza limetoa gramu 12, la pili gramu 9. Lipi ni zuri? Mtu mwenye haraka atasema la kwanza. Mchimbaji atauliza: "Mifuko ngapi?" Kama zile 12 zimetoka mu mifuko 40, ni gramu 0.30 kwa mfuko. Kama zile 9 zimetoka mu mifuko 20, ni gramu 0.45. Shimo la pili njo lina mali. Makampuni makubwa yanafanyaka vile vile, wanasema gramu kwa tani.

ERA ni hesabu ya namna hiyo hiyo. Magazeti ya Kifaransa ya Montréal yanaiita moyenne de points mérités, maana yake wastani wa pointi anazobebeshwa mrushaji kwa haki. Inauliza: huyu mrushaji, kama angefanya kazi ya mchezo mzima wa zamu tisa, angeruhusu pointi ngapi? Ikiwa chini, ni nzuri, kama golikipa asiyefungwa. Kwa hiyo 2.70 si kuanguka, iko pointi nzuri. Lakini papa, ngoja kwanza, usiende kwa mnunuzi wa dhahabu.

Njia ni hii: chukua pointi za haki, zidisha mara tisa, gawa kwa zamu alizorusha.

Tuchukue msimu mumoja wa kweli, wa mwaka 2000. Pedro Martínez, mtoto wa Jamhuri ya Dominika, alikuwa akichezea Boston. Mwaka 1993 timu ya Los Angeles Dodgers ilimtoa, ikampeleka Montreal, juu walimuona mwembamba na mfupi kwa kazi ya kurusha mchezo mzima. Mwaka 2000 alirusha zamu 217, akabebeshwa pointi za haki 42. Mara tisa ni 378. 378 ukigawa kwa 217, unapata 1.74. Wa pili katika ligi yake mwaka ule, Roger Clemens, alikuwa na 3.70. Zaidi ya mara mbili.

Pointi za haki na pointi za makosa ya wengine

Neno "haki" liko pale kwa kazi. Mrushaji hachezi peke yake. Nyuma yake kuna walinzi. Mpira rahisi ukifika kwa mlinzi, naye auangushe, na kwa sababu ya kosa lile timu nyingine ipate pointi, ile pointi inaandikwa kwa timu lakini haiwekwi kwa ERA ya mrushaji. Kuna mtu amekaa pembeni, mwandishi wa hesabu wa mchezo, kazi yake ni kuamua: hili ni kosa la mlinzi, ao ni pigo zuri la mpigaji.

Muone mfano wa Bob Gibson wa St. Louis, mwaka 1968. Timu zilipata kwake pointi 49. Za haki zilikuwa 38. Zile 11 nyingine zilitokana na makosa ya wengine, na hakubebeshwa.

Nani kati yetu hajaona kinyume chake mu shimo? Motopompe inakufa, maji yanajaa, siku tatu hakuna kazi, kiisha siku ya kugawa PDG anasema: "Ninyi hamukutoa kitu." Uzalishaji umeshuka, hiyo ni kweli. Lakini ni nani alibeba kosa? Wacheza besiboli waliona tangu zamani kwamba kuhesabu hasara bila kuhesabu chanzo chake ni kumuonea mtu. Ligi moja kubwa ya Amerika, National League, ilianza kuandika ERA rasmi mwaka 1912. Mbele yake, mu karne ya 19, alikuwepo Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza aliyeandikia magazeti ya New York. Yeye njo alisambaza ile meza ndogo ya namba inayoeleza mchezo mzima. Kwa hiyo kazi hii ilianzia kwa sisi watu wa magazeti, na hatuoni haya kuiendeleza Mavivi.

Nukta inayodanganya

Kuna mtego ambao umetupoteza sisi wenyewe kwa saa nzima. Ukiona mu karatasi imeandikwa kwamba Gibson alirusha zamu 304.2, usidhani ni 304 na sehemu mbili juu ya kumi. Zamu ina watu watatu wa kutolewa. Namba ya nyuma ya nukta ni idadi ya watu waliotolewa mu zamu isiyokamilika. Kwa hiyo 304.2 maana yake zamu 304 na watu wawili, ni theluthi mbili. Na 304.1 ni theluthi moja. Hautaona 304.3 hata siku moja, juu watatu ni zamu nzima, inakuwa 305.0.

Ili kuepuka mtego, hesabu watu, usihesabu zamu. Zidisha zamu mara tatu, ongeza waliobaki. Gibson: 304 mara 3 ni 912, ongeza 2, ni watu 914. Sasa ile 27 yetu inarudi: pointi za haki 38 mara 27 ni 1026. Gawa kwa 914. Inatoka 1.12.

Kwa Pedro: 217 mara 3 ni 651. Pointi 42 mara 27 ni 1134. Gawa kwa 651, inatoka 1.74, ile ile. Mtoto wa mwaka wa sita wa shule ya msingi anaweza kuifanya.

Hesabu nyingine tatu

Karatasi ya mrushaji haina ERA peke yake. Ya pili inaitwa WHIP. Unajumlisha watu waliofika kituoni kwa kupiga vizuri na wale waliopewa kituo bure, unagawa kwa zamu. Pedro mwaka 2000: mapigo 128, zawadi 32, jumla 160. Gawa kwa 217, ni 0.74. Maana yake, kwa kila zamu nne, wapigaji wasiofika ata watatu njo waligusa kituo kwa njia zile. Ni kati ya namba ndogo kabisa katika historia ya mchezo huu. Uzuri wa WHIP ni kwamba inaonyesha hatari hata kama pointi haijaingia, kama vile mchimbaji anaangalia nyufa za udongo mbele shimo halijaanguka.

Ya tatu ni wale aliowatoa yeye mwenyewe, bila msaada wa walinzi, kwa kuwakosesha mara tatu. Pedro alitoa namna hiyo watu 284. Zidisha mara tisa, gawa kwa 217: karibu 11.8 kwa kila zamu tisa. Kati ya watu 27 wa mchezo mzima, karibu 12 alimalizana nao peke yake.

Ya nne ni 284 ukigawa kwa zile zawadi 32. Inatoka karibu 8.9. Kila alipomzawadia mpigaji mumoja kituo, alikuwa amekosesha karibu tisa. Hapo ni nguvu na adabu pamoja, juu kurusha kwa nguvu peke yake, vijana wengi wanaweza.

Ushindi si wa mtu mumoja

Zamani watu walimpima mrushaji kwa ushindi tu. Hesabu ile bado inaandikwa: Pedro mwaka 2000 alishinda 18, akapoteza 6. Sasa muweke pembeni yake Jacob deGrom wa New York Mets, mwaka 2018. Naye alirusha zamu 217, kamili kama Pedro. Pointi za haki 41, moja pungufu. ERA yake 1.70. Ushindi wake? 10 tu, na kupoteza 9.

Kazi ni sawa, matokeo ni tofauti. Sababu ni kwamba mrushaji anazuia, lakini kupata pointi ni kazi ya wapigaji wa timu yake, na wale wa Mets mwaka ule walimuacha mara nyingi. Waliopiga kura waliangalia hesabu nzima, wakampa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi. Gibson mwenyewe, na ile 1.12, alipoteza michezo 9.

Bamama wa wachimbaji wanajua jambo hili bila besiboli. Bwana anaweza kushuka kila siku, kuchimba vizuri kuliko jirani, na jioni kurudi mikono mitupu kwa sababu mzani wa mnunuzi hauko sawa ao bei imeshuka. Kikapu kitupu hakisemi kama alifanya kazi ao hapana.

Mwaka upi, uwanja upi

Basi Gibson na 1.12 ni bora kuliko Pedro na 1.74? Si lazima. Mwaka 1968 warushaji wote walikuwa na nguvu. Wastani wa ligi ya Gibson ulikuwa 2.99. Wakubwa wa mchezo waliona wapigaji wanaonewa, na mwaka 1969 wakapunguza kile kichuguu cha mrushaji kutoka inchi 15 mpaka inchi 10, yaani kutoka sentimita 38 mpaka 25. Mwaka 2000 ilikuwa kinyume: wapigaji walikuwa wanapiga kila mahali, wastani wa ligi ya Pedro ulikuwa 4.91.

Gawa wastani wa ligi kwa ERA ya mtu. Gibson: 2.99 kwa 1.12, ni 2.67. Pedro: 4.91 kwa 1.74, ni 2.82. Kwa kipimo hiki Pedro anapita. Wataalamu wanaongeza hesabu ya uwanja, maana viwanja vingine ni vidogo na vinasaidia wapigaji, kiisha wanaizidisha mara 100. Inaitwa ERA+, na hapo Pedro anapata 291, Gibson 258. Mia moja ni mtu wa katikati. Gramu ya masika, wakati maji yamejaa kila mahali, si sawa na gramu ya kiangazi.

Wale ambao hawakuhesabiwa

Kuna jambo lingine mu hesabu hizi linalotugusa. Kwa miaka mingi Wamarekani weusi walikatazwa kucheza mu ligi kubwa. Mlango ulifunguliwa mwaka 1947 na Jackie Robinson. Mbele ya hapo walikuwa na ligi zao, wakicheza, wakishinda, wakiandikwa mu magazeti yao. Lakini mu kitabu kikubwa cha hesabu, walikuwa kama hawakuzaliwa.

Mwezi wa tano 2024, wakubwa wa besiboli ya Amerika waliingiza hesabu za ligi zile, za miaka 1920 mpaka 1948, mu kitabu kimoja na wengine. Mrushaji Satchel Paige, mwaka 1944 na Kansas City Monarchs, alikuwa na ERA ya 1.01. Siku ile ikaingia nafasi ya tatu ya msimu mumoja katika historia yote, mbele ya Gibson. Paige alikuwa amekufa tangu 1982. Mikono yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kitabu.

Dhahabu mingi ya wachimbaji wadogo wa mashariki mwa Congo inatokaka vile vile, bila kuandikwa mahali. Ukiuliza mu biro ni gramu ngapi, utapewa namba ndogo. Haimaanishi kwamba watu hawakuchimba.

Majirani wetu wameisha kufika

Turudi karibu. Ukivuka Kasindi, uko Uganda, na kule besiboli si ndoto. Mwaka 2011 timu ya watoto ya Uganda ilipata nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya watoto, kule Williamsport, Amerika, lakini ikanyimwa viza kwa sababu karatasi za miaka ya kuzaliwa hazikulingana. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, muji wa mashamba ya miwa kwenye barabara ya Kampala na Jinja, wakafika, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale. Mwaka 2015 watoto wa Uganda wakapiga Jamhuri ya Dominika, inchi ya Pedro, 4 kwa 1.

Mwaka 2022 Dodgers, wale wale waliomuachia Pedro, walisaini vijana wawili warushaji wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates wakasaini mrushaji mwingine wa Uganda, David Matoma. Kwa hiyo njia ipo. Papa wetu hakuota mambo ya bure.

Karatasi ya mtoto

Tulirudi kwake siku ya yenga, tukakaa naye, mama ya mtoto pembeni. Tulifungua picha, tukasoma mstari wote, tukaacha ile duara nyekundu kwanza.

Zamu: 6.2. Maana yake sita na watu wawili, ni watu 20. Pointi zilizoingia: 4. Pointi za haki: 2. Basi 2 mara 27 ni 54, gawa kwa 20, ni 2.70. Namba ni ya kweli, hakuna aliyedanganya. Mtu angegawa kwa 6.2 bila kujua mtego angepata 2.90. Mapigo 5, zawadi 3, ni 8. WHIP yake 1.20, si mbaya. Aliokosesha: 7, na hiyo ni kazi nzuri.

Kiisha tulimuonyesha safu ya kwanza kabisa, ile ambayo mtafutaji wa vipaji hakuizungushia kalamu. Ina herufi G, idadi ya michezo. Chini yake imeandikwa 1.

Papa alinyamaza. "Kumbe ni siku moja?"

Ni siku moja. Siku nzuri, na mtoto anastahili pongezi za wazazi. Lakini ni mfuko mumoja wa kwanza wa shimo jipya. Hakuna mchimbaji anayeuza shamba kwa ajili ya mfuko mumoja. Kwa Pedro ni michezo 29, zamu 217, kutoka mwanzo wa msimu mpaka mwisho, jua na mvua. Kama mtoto angebebeshwa pointi nne mu zamu tatu za mchezo unaofuata, ingekuwa pointi 6 kwa watu 29: 6 mara 27 ni 162, gawa kwa 29, ni 5.59. Mchezo mumoja tu, na namba nyekundu imezidi mara mbili.

Mama njo aliuliza swali tulilokuwa hatujafikiria: "Na huyu mwenye kuomba dola 300, yeye alikuwa ameona mchezo, ao aliona paka karatasi?"

Hatukuwa na jibu. Papa alichukua simu, akamuandikia mtoto mbele yetu: amtumie karatasi za michezo yote ya muhula, nzima, si namba moja, na jina la mwalimu aliyeziandika. Zile gramu zilibaki mahali zilikuwa.

Kazi ya watoto wa nyumba: mrushaji ametumikia zamu 8.1, amebebeshwa pointi za haki 5. ERA yake ni ngapi? (Jibu: watu 25; 5 mara 27 ni 135; gawa kwa 25, ni 5.40.)